Miguu ya Themelina

Nianze na kofia yake, maana ndiyo watu wanayomtambulia. Ni ya majani makavu, ukingo mpana, na utepe wa kijani anaoushona upya kila Pasaka. Ukisimama barabarani asubuhi ya kiangazi ukatazama ghuba letu hapa kisiwani Kalimno, Ugiriki, utaona kofia sita saba zimekaa juu ya maji kwa mduara, hazisogei, na kelele zinazotoka hapo utadhani mnada wa samaki. Hao ndio sisi. Tunasema tunaogelea. Ukweli ni kwamba tunaongea, na bahari inatubeba tusichoke magoti. Ile kofia ya utepe wa kijani, iliyo karibu na nchi kavu kuliko zote, ndiyo ya Themelina.

Mimi ni Nomiki, na mahali pangu ni kushoto kwake, kwa sababu sikio langu la kulia ndilo linalosikia vizuri. Nimesimama hapo viangazi vingi mno. Nilikuwa nikijisifu kwamba hakuna kitu cha Themelina nisichokijua: alivyoolewa na mwoka mikate aliyemzidi umri, alivyomzika, anavyowagombeza watoto wake kisha anawapikia, anavyowanong'oneza paka akidhani hakuna anayemsikia. Sasa sijisifu tena. Na kusema kweli bado naudhika kidogo.

Baba yake, Mikes, alikuwa mzamiaji, akichuma sifongo chini ya bahari. Alizama siku moja akiwa kijana mwenye nguvu zake, akaibuka amekufa kuanzia kiunoni kwenda chini, kama wengi wa rika lake waliopandishwa juu haraka. Alitembelea magongo mawili mpaka siku aliyozikwa. Kwenye harusi zetu kuna ngoma moja ya wazamiaji, kiongozi wa mstari huanza kutetemeka miguu, akaegemea mkongojo, akaanguka, akajikongoja tena kuinuka, na wageni wa nje hupiga picha. Ngoma hiyo ikianza, Themelina hutoka kwenda kuangalia kama amefunga gari. Themelina hana gari.

Kwetu hakuna mtu atakayemuuliza binti wa mzamiaji kama anajua kuogelea. Itakuwa kama kumuuliza padri kama anaijua sala. Basi hatukumuuliza, naye hakusema. Kumbe alikuwa hajui hata kuelea. Mama yake alimwapia Mtakatifu Nikola kwamba hakuna mwingine wa nyumba yake atakayeingia baharini, na Themelina hakuingia mpaka mama alipokufa na daktari wa magoti akamwambia atembee ndani ya maji. Akatembea. Sisi tukamwona, tukamwita, akaja kwenye mduara, na tangu hapo akawa anatembea hivyo hivyo katikati yetu, maji shingoni, mikono ikipangua huku na huku kwa madaha, miguu chini kwenye mchanga, ndani ya viatu vya plastiki alivyosema amevaa kwa ajili ya miiba ya baharini. Ghuba letu halina miiba.

Na jiwe je? Mdomoni mwa ghuba kuna jiwe jeupe, na wanawake wakichangamka huogelea mpaka huko, wakagusa, wakarudi. Kila aliposema mtu, "Haya twende jiweni," Themelina alikuwa ameshatoka majini, amefungua mfuko, anatafuna kipande cha mkate mkavu wa shayiri.

"Mimi nimeshakula," anasema, mdomo umejaa.

Basi. Hapo umemaliza mjadala. Hapa kwetu mtu aliyekula haendi maji ya kina mpaka chakula kishuke, na hakuna mwanamke atakayethubutu kumshawishi, asije akabeba lawama ya maiti. Nilidhani ana njaa tu. Nilimletea hata jibini.

Kiangazi kile alikuja Lina. Jina lake kamili ni Themelina, kama ilivyo desturi, mjukuu kachukua la bibi. Anaishi Darwin huko Australia, walikojaa watu wetu, na mama yake alikuwa na mimba ya taabu, amelazwa chali na madaktari, hatakiwi kushtuka. Akapiga simu.

"Mama, nakuletea Lina mpaka nijifungue. Na baharini wala sina wasiwasi, yuko na wewe."

Themelina alisema sawa, akakata simu, akakaa kwenye ngazi za jikoni mpaka maharage yakaungua. Hilo alinisimulia baadaye.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka tisa na miwani ya kuogelea ambayo hakuivua hata mezani. Bwawani anakata maji kama samaki. Lakini baharini hakuwahi kuingia, kwa sababu bahari ya kwao ina mamba. Bwawa halina mkondo wala upepo, hayo mtoto hakuyajua, na bibi yake alijua kwamba hayajui. Akabuni mpango. Lina alikuwa na bata mkubwa wa plastiki wa kujazwa upepo, wa kukaliwa. Themelina akamfunga bata kamba shingoni, na ncha ya kamba akaishika kwa kiganja chake cha kulia. Ikawa kila asubuhi kofia ya utepe wa kijani iko kwenye mduara, na nyuma yake anaelea bata, juu ya bata mtoto. Kamba ikiwa mkononi, mtoto yuko mkononi. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Sakelaris hakumpenda yule bata hata kidogo. Sakelaris ndiye mwokoaji wetu, anakaa kwenye kiti kirefu na filimbi yake, mtoto wa kaka yake Sevasti, yule mwenzetu mwenye habari zote za kisiwa. Mwanzoni mwa msimu alitupanga mstari ufukoni kama watoto wa shule akatufundisha ishara. Ukiwa na shida, mkono mmoja juu, upunge. Ukiwa salama, kiganja kichwani.

"Kiganja kichwani?" Sevasti aliuliza. "Na nywele nimetoka kutengeneza juzi?"

"Shangazi, nywele zitakauka."

"Hujaoa wewe, ndiyo maana unasema hivyo."

Tulicheka sana siku ile. Kuhusu bata, Sakelaris alimwambia Themelina kwa adabu, "Shangazi, hilo dude si la baharini, ni la bwawani. Upepo ukishuka kutoka mlimani hapa karibu hutauona, maji yametulia kama ya beseni. Lakini huyo bata atakuwa keshafika kisiwa cha Kos, bila tiketi."

"Nimemshika," Themelina akajibu, akamwonyesha kamba.

Ilikuwa wiki ile baada ya sikukuu ya Mama wa Mungu, upepo wa kaskazini umeanza kukasirika. Sakelaris alipandisha bendera ya njano, ya tahadhari. Ghuba letu linatazama kusini, upepo unatoka mgongoni mwa mlima kwenda baharini, kwa hiyo pale tulipokuwa maji hayakuwa na hata kunyanzi. Sevasti alikuwa anasimulia harusi iliyovunjika, amekalia mrija wake mnene wa sponji, ule wa kuelelea, wa dukani, wa rangi ya waridi. Tulikuwa tunamsema sana kwa ule mrija: kisiwa kizima kimekula kwa sifongo ya bahari, wazee wetu wamelemaa kwa ajili yake, halafu yeye analeta ya kiwandani kuja kuikalia.

"Basi bwana harusi akasema, nikimwona mama mkwe kanisani mimi natoka," Sevasti alikuwa anasema, na hapo hapo kengele ya kanisa dogo la juu ya ghuba ikalia.

Tukajifanyia alama ya msalaba, sote. Hatukufikiri. Kengele ikilia, vidole vitatu vinajikusanya vyenyewe, paji la uso, tumboni, bega la kulia, la kushoto. Kwa mkono wa kulia. Hakuna Mkalimno atakayejifanyia msalaba kwa mkono wa kushoto, hata nyumba ikiungua.

Themelina aliachia kamba kwa muda wa msalaba mmoja.

Aliporudisha mkono, kamba haikuwapo. Niliiona mimi, inateleza juu ya maji kama mkia wa panya, na bata huyo, anaondoka kwa raha zake. Lina kwanza alicheka. Akatupungia mkono. Halafu bata akatoka kwenye kivuli cha mlima, upepo ukampata sawasawa, na mtoto akaacha kucheka.

Filimbi ikalia. "Lina! Usiruke!" Sakelaris alikuwa ameshashuka kitini. "Kaa hapo hapo! Lala tumbo, mkumbatie bata! Nakuja!" Akachukua ubao wa kuokolea, mwekundu, akaingia nao majini anapiga mikono.

Na Themelina naye akaondoka. Kofia kichwani, mikono ikipangua maji, akaelekea kule kwa mtoto. Mimi, mjinga mimi, nikaona fahari. Nikasema moyoni, leo mtaona damu ya wazamiaji.

"Muache, atamfikia," Sevasti akasema. "Mtoto wa Mikes yule."

Ghuba letu mchanga wake unashuka polepole, halafu ghafla unakatika, pale rangi ya maji inapobadilika. Themelina alifika pale. Hakupiga kelele. Nilidhani anayezama hupiga kelele, kumbe siyo. Kofia ilibaki juu ya maji, na chini ya kofia hapakuwa na mtu. Kisha uso ukatokea, mdomo wazi ukitazama mbingu, ukapotea tena.

Ndipo tukamsikia Lina, sauti inatoka mbali juu ya bata, inapasuka.

"Bibi hajui kuogelea! Bibi huwa anatembea! Mshikeni, anatembea tu!"

Nikauchomoa mrija chini ya Sevasti, akapinduka huko na nywele zake zote, nikaogelea kama sijaogelea tangu nilipokuwa msichana. Jambo moja la Sakelaris lilikuwa limebaki kichwani mwangu kati ya yote aliyotufundisha: usimpe anayezama shingo yako, mpe kitu. Nilibaki mbali kidogo, nikausukuma mrija mpaka ukamgonga kifuani.

"Kamata hicho! Si mimi, hicho!"

Akakamata. Kucha zake ziliingia kwenye ile sponji mpaka leo ina alama.

"Sasa lala chali. Themelina, tazama juu. Tumbo juu, kama unaonyesha daktari. Nimekushika kichwa."

"Mtoto," akasema, akitapika maji. "Mtoto, mtoto."

Niligeuka. Sakelaris alikuwa katikati, kati yetu na bata, ameinuka juu ya ubao, anatazama huku na anatazama kule. Alikuwa mmoja, na wa kuokoa walikuwa wawili. Bata alizidi kwenda. Nikakumbuka. Nikatoa mkono wa kulia majini, nikajibandika kiganja kichwani, juu ya nywele zangu, nikakiacha hapo aone vizuri.

Akaona. Akageuka, akampigia mbio mtoto.

Sijui nilimvuta vipi Themelina mpaka mchanga ulipoanza. Najua nilikuwa namtukana njia nzima, matusi ambayo siwezi kuyaandika, naye alikuwa anajibu "ndiyo, ndiyo," kama anayeungama. Wenzetu walitupokea, wakamkalisha pale maji yanapofika magotini, na hakukubali kutoka wala kufunikwa taulo. Alikaa anatazama ule ubao mwekundu. Ulikuwa mdogo. Ukaanza kukua. Juu yake kulikuwa na mtoto kalala tumbo, nyuma yake Sakelaris anapiga mikono, na nyuma kabisa, kwa kamba, anakuja bata. Tulipoiona ile miwani ya kuogelea, Sevasti akaanza kulia kwa sauti, na nadhani sote tulilia. Sijawahi kuona kitu kizuri kama ule ubao. Wajukuu wangu wawili nimewaona wakizaliwa, lakini na huu nauweka hapo hapo.

Themelina alimshika Lina usoni, akamgusa masikio, mabega, vidole, kama anayehesabu kuku. Kisha akamvua miwani, akambusu macho. Kisha akainuka, akaenda akamkalia bata mpaka akaisha upepo wote.

Sakelaris hakumruhusu kwenda nyumbani. "Shangazi, maji yakishaingia kifuani hayaaminiki hata ukijisikia mzima. Tunakwenda zahanati."

"Nina mbilingani ovenini."

"Mbilingani atazima Shangazi Sevasti. Twende."

Alikwenda, akasikilizwa kifua, akaambiwa yuko salama, akarudi jioni kwa miguu yake. Nilipomsikia akigombeza paka kule nyuma ya ukuta, nikakaa kitini na kucheka peke yangu kama mwendawazimu.

Lakini asubuhi iliyofuata kofia haikuja, maana hata kofia yenyewe bahari ilikuwa imeichukua. Na iliyofuata tena hakuja. Nikavumilia, halafu nikachoka. Nikaenda nikamkuta jikoni anakanda unga, Lina kando anakunja vipande.

"Umekuja kunicheka," akasema bila kugeuka.

"Nimekuja kukugombeza. Miaka yote hiyo! Nimekuletea jibini!"

"Lilikuwa jibini zuri."

"Kwa nini hukuniambia, Themelina? Mimi?"

Alikanda kwanza. "Baba alikuwa akiniita nimwekee miguu kitandani," akasema. "Kila usiku. Mmoja, halafu wa pili. Mizito, Nomiki, na baridi. Nikawa najiambia, alizoea kuitoa chini, ndiyo maana akanyang'anywa. Mimi yangu itakaa chini. Mpaka leo, hata kitandani napenda niguse ubao wa mbele." Akafuta mikono. "Sasa binti yangu akijua, hatamleta Lina tena. Na ana haki. Nimemwachia kamba mtoto wake."

Lina ndiye aliyejibu, huku anabonyeza unga kwa kidole.

"Mama nimeshamwambia."

Themelina akashika meza. "Umemwambia nini, na hali ile aliyonayo?"

"Nilimwambia siku ile nilipofika, nilipozama na miwani nikaona viatu vyako. Nilisema, Mama, bibi anaogelea kwa kutembea. Nilidhani ndivyo wanavyoogelea Ugiriki."

"Na yeye akasemaje?"

"Akacheka. Akasema anajua tangu mdogo, na bibi asiyejua kuogelea hatanipeleka kina. Akasema nikufundishe, lakini nisikwambie yeye ndiye kasema. Basi nikawa nangoja uniombe." Akatazama unga. "Hukuniomba."

Nilimwona Themelina akitafuta pa kukaa, hakupata, akakaa kwenye gunia la unga. Alicheka mpaka machozi yakamchora mistari mashavuni, na mimi nikacheka, na Lina akacheka kwa sababu tunacheka. Mzigo alioubeba miaka yote hiyo, kumbe binti yake alikuwa ameuona tangu utotoni akaamua kuunyamazia.

Tulianza pale maji yanapofika magotini. Masharti aliyaweka Sakelaris: bendera ya njano hatuingii kabisa, mmoja wetu abaki amesimama, na mwanafunzi asiguse kina mpaka aelee pembeni bila kushikwa. Lina alikuwa mwalimu mkali kuliko nilivyotegemea. "Bibi, kiuno! Bibi, unakunja shingo! Pumua, bibi, mapafu yako ndiyo bata." Themelina alimeza maji, akatukana watakatifu kisha akawaomba radhi, akasema chumvi inamchoma, akasema amekula. Lina alikuwa ameficha mkate.

Mama yake Lina akajifungua salama, mvulana, wakamwita Mikes. Tiketi ya kurudi ikakatwa.

Asubuhi ya mwisho bahari ilikuwa tulivu, bendera ya kijani, upepo umelala. Themelina alivua viatu vya plastiki akaviacha ufukoni, viwili, sambamba, kama mlangoni mwa nyumba. Kichwani alikuwa na kofia mpya. Utepe ule ule wa kijani, kwa maana alikuwa na akiba. Mduara wetu ulisogea mpaka mchanga unapokatika, na ukapita. Yeye alikuwa amelala chali katikati yetu, kofia imemfunika paji, mkono wake wa kulia umeshikwa na Lina. Sakelaris alisimama juu ya ubao wake hatua chache pembeni, anajifanya anatazama jiwe.

Kengele ya kanisa dogo ikalia.

Tukakusanya vidole. Masikio yake yalikuwa ndani ya maji, lakini alituona. Nikaona mkono wake ukijichomoa kutoka mkono wa Lina, nikataka kupiga kelele. Paji la uso. Tumboni. Bega la kulia. La kushoto. Mkono ukarudi juu ya maji, ukatulia wazi, haujashika kitu, na yeye alikuwa bado yupo pale juu.

"Mbona mnanitolea macho?" akauliza kwa sauti kubwa, kama wanavyosema viziwi.

Mimi niliweka kiganja kichwani.